MREJESHO: Yale majarida yangu ya utotoni yaliyolowa

Wakuu, wiki iliyopita niliuliza nifanyeje na majarida yangu ya utotoni yaliyolowa ndani ya boksi. Asanteni sana. Aliyenikataza kuyaanika juani kaniokoa, maana nilishayabeba mpaka mlangoni! Nimepachika karatasi nyeupe kavu kila baada ya kurasa chache, feni ikipuliza pembeni, zikilowa nabadilisha. Siku nne nzima.

Kurasa za kung'aa ndizo zilizonitesa. Ziligandana, nikalazimisha, mbili zikachanika. Umanjano hautoki: ni lignini, yaani gundi ya asili ya mti iliyomo kwenye karatasi, ikikutana na hewa na mwanga ndiyo basi tena.

Ndani ya moja nimekuta chemshabongo niliyoijaza kwa penseli, nusu ya majibu nilibuni tu. Mwanangu kaimalizia jana, huku ananicheka.