Bawaba za kifuniko cha injini kwenye RV-7: nichague zipi, na kazi ianzie wapi?

MjenziMinnesota

Habari zenu, ndugu wajenzi na mafundi. Ninajenga RV-7, ndege ndogo ya kujijengea ya viti viwili, yenye injini ya Lycoming ya silinda 4, na sasa nimefika kwenye kifuniko cha injini, ambacho ni cha faibaglasi na kina vipande viwili, cha juu na cha chini. Michoro inaelekeza kwamba vipande hivyo vishikwe kwa bawaba ndefu za alumini, zile za aina ya piano, kwenye ukingo wa ukuta wa kuzuia moto (ule unaotenganisha injini na chumba cha rubani) na pia ubavuni pale vipande viwili vinapokutana, kisha pini ndefu ya waya ipitishwe katika macho ya bawaba, yaani matundu yaliyo ukingoni mwake. Mpango huu unanivutia kwa sababu ndege ikikamilika hakuna hata kifungo kimoja kinachoonekana kwa nje.

Wajenzi wenzangu wa hapa wamegawanyika. Wapo wanaosema bawaba za bati lililokunjwa, MS20257, zinatosha. Wapo wanaosisitiza MS20001, ambazo macho yake hutoka kiwandani yakiwa kitu kimoja na bamba lake. Na wapo walioachana na bawaba kabisa wakaweka vifungo vya robo mzunguko, vinavyofungwa kwa kuzungushwa robo duara tu. Naomba ushauri wenye sababu: ni kipi huvunjika, huvunjika mahali gani, na kazi ya kufunga ianzie wapi?

FundiWaWilson

Ndugu mleta mada, mimi ni fundi wa ndege ndogo hapa uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, na swali lako la "mahali gani" ndilo ningelitanguliza kabla ya kuuliza aina ya bawaba, kwa kuwa mzigo haulingani kotekote.

Kifuniko cha juu husukumwa kwenda juu. Hewa inayoingia kwa mbele hukusanyika juu ya silinda kabla ya kushuka kati ya mapezi ya kupoza, na hapo ndipo shinikizo linapokuwa kubwa. Kwa kasi ya kilomita 315 kwa saa karibu na usawa wa bahari, hewa iliyozuiwa kabisa husukuma kwa nguvu inayolingana na uzito wa takriban kilo 480 kwa kila mita ya mraba. Kifuniko chako hakitapata nguvu hiyo yote, lakini hata sehemu yake tu ni mzigo mkubwa. Hata hivyo, mzigo huo ni tulivu na umegawanyika kwenye macho mengi, kwa hiyo bawaba huumudu vizuri.

Kinachoua bawaba ni mtikisiko. Injini ya silinda 4 ikizunguka mara 2,400 kwa dakika hulipua mafuta mara 4,800 katika dakika hiyo, yaani mara 80 kwa sekunde, na propela yenye mapanga 2 nayo huupiga upepo wake dhidi ya kifuniko mara 80 kwa sekunde hiyohiyo. Sehemu inayoumia zaidi ni chini, kwenye ukingo wa ukuta wa moto kando ya uwazi wa kutolea hewa na mabomba ya moshi, kwa sababu pale kifuniko ni kipana na karibu bapa, uwazi wenyewe umekikata na kukidhoofisha, na joto nalo linaipunguzia alumini nguvu. Macho ya mwisho, yale yaliyo jirani kabisa na uwazi, ndiyo hutangulia kukatika, kisha jirani zake hubeba mzigo wao na kufuata.

Kwa hiyo, ushauri wangu ni huu: juu na ubavuni weka bawaba, na ukiwa na uwezo wa kupata MS20001 zichukue, kwa maana jicho lililokunjwa lina mshono unaoweza kufunguka kidogokidogo kila pini inapolivuta, ilhali jicho lisilo na mshono halina njia hiyo ya kulegea. Chini, kando ya mabomba ya moshi, weka skrubu na nati zilizofungwa kwa ribiti, au vifungo vya robo mzunguko. Hakuna anayeinama kutazama huko chini, kwa hiyo uzuri wa ndege yako haupungui.

Kelele_za_Propela

Naunga mkono mchangiaji aliyetangulia kuhusu upande wa chini, ila nieleze kwa nini nisingeweka vifungo vya robo mzunguko kotekote. Bawaba hushika ukingo mzima mfululizo. Vifungo hushika kwa nukta, na kati ya nukta na nukta faibaglasi hutafuta njia ya kuvimba, hasa kwenye kifuniko cha juu chenye shinikizo. Ndiyo maana hupangwa kwa karibu, takriban sentimeta 9 kati ya kimoja na kingine, na ukihesabu mzunguko wote utaona gharama na uzito vinavyopanda. Faida yake ni ya kweli, sikatai: kifuniko hutoka upesi, na kifungo kilichoharibika hubadilishwa peke yake.

Kuhusu kazi yenyewe, kila kitu hutegemea mstari. Anza kwa kukifunga kifuniko mahali pake kwa kuifuata koni ya propela (ile inayofunika kitovu chake), ukiacha nafasi ya takriban milimita 6 kati ya koni na kifuniko. Mipira inayobeba injini huzama baada ya muda, kwa hiyo wajenzi wengi huiacha koni ikae juu kidogo kuliko kifuniko, kama milimita 3, wakijua kwamba itashuka. Usiukate ukingo wa nyuma kwa siku moja. Kata ukiacha ziada, kisha sogea kwa msasa uliogandishwa kwenye ubao ulionyooka, ukijaribisha kila mara, mpaka ibaki nafasi ya kama milimita 1 kati ya faibaglasi na bati la bodi, kwa sababu rangi nayo ina unene wake.

Nusu ya bawaba inayokaa kwenye ukuta wa moto huwekewa bati jembamba la kujazia chini yake, ili uso wa kifuniko ukae sawasawa na uso wa bodi. Pima unene halisi wa kifuniko chako kabla ya kuchagua bati hilo, na upime sehemu kadhaa, maana faibaglasi haina unene mmoja.

Ukifika kwenye kutoboa, subiri giza, kisha washa taa kali ndani ya kifuniko. Faibaglasi ambayo haijapakwa rangi hupitisha mwanga, na kivuli cha bawaba kitajichora wazi kabisa, hata matundu uliyokwisha kuyatoboa kwenye bamba utayaona kama nukta zinazong'aa. Toboa kutoka katikati kwenda pembeni. Bawaba za ubavuni ziache mwisho, na uzinyooshe kwa uzi uliovutwa, kwa sababu mkunjo mdogo tu pale unatosha kuifanya pini ikwame.

MjenziMinnesota

Nawashukuru sana, nimepata sababu nilizokuwa nazitafuta. Chini nitaweka skrubu, kwingine MS20001. Yamebaki mawili. Kwanza, ribiti: nina hofu kwamba zikivimba zitaipasua faibaglasi. Pili, pini ya ukingo wa juu inatakiwa kuufuata mviringo wa bodi, nami nimeona watu wakihangaika nayo kweli.

FundiWaWilson

Hofu yako ina msingi, ndugu. Tumia ribiti laini za milimita 2.4 zenye vichwa bapa, vichwa vikae kwenye faibaglasi kwa nje, na mikia ifinyangwe upande wa alumini, kwa sababu alumini huuhimili mvimbo huo. Tumia koleo la kubana ribiti na uache nyundo ya upepo. Kabla ya hapo kwaruza bamba la bawaba kwa msasa, ulipake epoksi iliyochanganywa na nyuzi za pamba, ili gundi ibebe sehemu kubwa ya mzigo na ribiti zisaidie. Macho ya bawaba yazibe kwa nta kwanza. Tone moja la epoksi likiingia na kukauka humo, utalitoa kwa shida kubwa.

Pini ya juu iwe ya chuma kisichoshika kutu, nyembamba kidogo kuliko ile iliyokuja na bawaba, na ncha yake uisugue mpaka iwe ya mviringo kama ya risasi. Watu wengi huifunga kwenye drili na kuizungusha polepole huku wakiisukuma, nayo hupita. Usitie mafuta. Ndege zinazotua kwenye viwanja vya vumbi kule Maasai Mara hurudi kwetu na macho ya bawaba yaliyolika, kwa sababu mafuta hushika vumbi na mchanganyiko huo husaga alumini kila injini inapowaka. Kilainishi kikavu kisicho na grafaiti kinatosha, kwa kuwa grafaiti huchochea kutu ya alumini.

Pini za ubavuni, zile zinazoingizwa kutoka mbele, ndizo za kuangaliwa zaidi. Mwisho wake ukunje na ushikwe kwa kibati chenye skrubu, kwa kuwa pini inayotambaa kwenda mbele itakutana na propela. Na kila ukaguzi wa mwaka, pitisha kitambaa cheupe kwenye macho na kuzunguka ribiti: kikitoka na unga mweusi, kuna alumini inayosagana, na bawaba hiyo ibadilishwe kabla ndege haijaruka tena.