Nina Hashimoto, niache ugali wa uwele?

Dada wa Chamwino: Habari za humu. Nina Hashimoto, yaani kinga yangu ya mwili inaishambulia tezi ya shingo, natumia levothairoksini, dawa ya homoni ya tezi. Nyumbani chakula ni ugali wa uwele na mlenda. Jirani anasema uwele unaleta goita, niache kabisa. Ni kweli?

Mjomba Kongwa: Pole dada. Uwele una kemikali zinazoizuia tezi kutengeneza homoni. Ila hatari zaidi ni kwa anayekula uwele mtupu kila siku huku hapati madini joto. Changanya siku: leo uwele, kesho dona au wali. Mlenda kula tu!

Nesi Mstaafu: Mwanangu, mimi naiangalia dawa kwanza. Imeze alfajiri kwa maji, tumbo tupu, kisha subiri nusu saa hadi saa nzima ndipo unywe chai. Kahawa na soya hupunguza dawa inayoingia mwilini. Na tafadhali usinunue vidonge vya madini joto. Chumvi yenye madini hayo inatosha, yakizidi yanaichokoza Hashimoto.

Dada wa Chamwino: Shikamoo mama. Na vidonge vya madini chuma vya kliniki?

Nesi Mstaafu: Marahaba. Meza usiku, vitengane na dawa kwa saa 4. Ukibadili mlo, pima TSH, kipimo cha damu cha kuangalia kazi ya tezi, baada ya wiki 6 hadi 8.