Tiketi nzima, muvi nusu: huu ni wizi

Wakuu, heshima kwenu.

Nimevumilia vya kutosha. Hollywood wanatuuzia muvi nusu kwa bei ya muvi nzima, na kinachoniuma zaidi ni kwamba hawatuambii kabla hatujalipa.

Chukueni Wicked ya Novemba 2024. Bango limeandikwa Wicked, basi. Trela hivyo hivyo, tiketi hivyo hivyo. Unakaa, taa zinazimwa, jina linatokea kwenye skrini na hapo ndipo unaona "Part I". Yaani ukweli unaambiwa hela imeshaingia mfukoni mwao. Dakika 160! Igizo la jukwaani lililozaa muvi hii linamaliza hadithi yote kwa saa mbili na dakika 45 hivi, mapumziko yakiwemo. Muvi ikakatika pale pale igizo linapokwenda mapumziko. Wa kwenye igizo wanasubiri robo saa warudi vitini, sisi tukasubiri mwaka mzima hadi Novemba 2025, tukalipa tena. Na sisemi kazi ni mbovu. Cynthia Erivo anaimba mpaka mwili unasisimka. Kazi nzuri namna hiyo ilistahili kuuzwa kwa ukweli.

Fast X, Mei 2023. Steringi Dom na mwanawe wako chini ya bwawa, ndege ya wenzake imetunguliwa, adui anataka kulipua ukuta wa bwawa... imekwisha. Nendeni nyumbani. Hadi leo mwendelezo hatujauona.

Ile iliyoniumiza kabisa ni Spider-Man: Across the Spider-Verse. Katuni safi, kila ulimwengu umechorwa kwa mkono wake, ule wa Gwen, rafiki wa steringi Miles, rangi zinachuruzika ukutani kadiri anavyosononeka. Nilipeleka wanangu. Miles kakamatwa, yuko ulimwengu usio wake, mbele yake kasimama Miles mwingine ambaye ndiye adui, Gwen anakusanya wenzake waende kumwokoa, mara skrini nyeusi. Mdogo akaniuliza, "Baba, umeme umekatika?" Ukumbi mzima watu wanapiga miluzi. Na sikilizeni hili: walipoitangaza mara ya kwanza jina lilikuwa na "Part One", baadaye wakaliondoa wenyewe. Walijua. Mwendelezo walisema Machi 2024, sasa wanasema 2027. Huyo mtoto atakuwa ameshaacha katuni.

Mission: Impossible ya 2023 angalau iliandika "Part One" waziwazi, nikawaheshimu. Mauzo hayakuwafurahisha, wakalifuta lile neno, na ya pili ikatoka Mei 2025 na jina jingine. Somo walilojifunza ni kuficha.

Hata za kutisha zimeambukizwa. 28 Years Later ya Juni 2025, hadithi ya mtoto na mama yake mgonjwa imekwisha vizuri sana, unafuta machozi, halafu dakika za mwisho wanaingia jamaa wa tracksuit wa muvi nyingine kabisa ili ununue tiketi ya mwendelezo wa Januari 2026. Kwa nini uharibu mwisho wako mwenyewe?

Wakuu, tuliwatukana sana Bongo Muvi enzi za DVD kwa Part 1 na Part 2. Tuliwaita wezi, mimi nikiwemo. Lakini kwenye kava iliandikwa Part 1, kwa herufi kubwa, na mara nyingi Part 2 iko rafu hiyo hiyo. Ulijua unachonunua. Hawa wenye mamilioni ya dola wanafanya baya zaidi na tunawapigia makofi.

Msiniambie hadithi kubwa haitoshi kwenye muvi moja. Sinners ya Ryan Coogler, Aprili 2025, dakika 137. Mapacha wawili, wote kacheza Michael B. Jordan, Mississippi ya 1932, wanafungua ukumbi wa muziki na usiku huo huo wanyonya damu wanabisha mlangoni. Kuna pale kijana Sammie anapoimba, wanatokea wachezaji ngoma wa Afrika, mpiga gitaa la umeme, DJ na sahani zake, mababu na wajukuu sakafu moja, paa linawaka moto. Nilisahau popcorn mkononi. Na ilipofika mwisho, ikafika MWISHO.

Kwa hiyo nadai jambo moja: kama ni nusu, iandikwe kwenye bango na kwenye tiketi. Hata kumbi zetu za Dar zinaweza, karatasi tu dirishani pale inatosha. Nilimuuliza mhudumu wa ukumbi mmoja kwa nini hawatuambii, akajibu "sisi tunaonyesha tu kilicholetwa". Kupokea elfu zetu mnaweza, kutuambia mnashindwa?

Wenye kujua nyingine zilizokatwa, zitajeni hapa, wenzenu wasome kabla ya kupanga foleni.