Mrejesho: Uume uliopinda ukubwani

Ndugu zangu, niliomba ushauri kuhusu uume wangu, ambao ulianza kupinda kuelekea juu unaposimama, ukiwa na maumivu na sehemu ngumu chini ya ngozi. Nawashukuru mlionisihi nimwone daktari bingwa wa mfumo wa mkojo badala ya kununua dawa za mizizi. Nimemwona hapa Mbeya.

Huu ni ugonjwa wa Peyronie, uliopewa jina la daktari wa upasuaji Mfaransa aliyeueleza mwaka 1743. Si saratani wala hauambukizi. Kovu hujijenga katika utando imara unaozunguka sehemu zinazojaa damu, pengine kutokana na majeraha madogo ya wakati wa tendo la ndoa, na kwa kuwa kovu halitanuki, uume huvutwa upande huo. Nilipimwa pia sukari, kwa sababu wenye kisukari hupatwa zaidi.

Lililonituliza ni kuelewa kwamba awamu ya kwanza, yenye maumivu, huweza kufikia miezi 12 hadi 18, kisha maumivu hupungua na mpindo hutulia. Upasuaji husubiri hadi hapo, na ule wa kushona upande usio na kovu huufupisha uume kidogo, jambo ambalo mke wangu nami tulistahili kulijua mapema. Kwa sasa natumia dawa za maumivu, na picha ninazopiga nyumbani zitamwonyesha daktari kama mpindo unabadilika. Vidonge vya vitamini E, ambavyo baadhi yenu mlivipendekeza, havijathibitika kuunyoosha, hivyo sivinunui.