Tulipimiwa ardhi, fidia haijaja: tuandamane, tuandike, au tuendelee kungoja?

Mkulima wa Tororo

Salamu kwenu nyote. Ninaandika kwa niaba ya kaya 42 za kijiji kimoja cha wilaya ya Tororo, mashariki mwa Uganda, ambako barabara kubwa itapita na ambako mkandarasi ameshaanza kuchimba kokoto. Yapata miaka mitatu iliyopita watathmini walikuja, wakahesabu migomba, miembe na nyumba zetu, wakatupiga picha tukiwa tumeshika vibao vyenye namba, kisha wakatutajia tarehe ambayo baada yake hakuna atakayelipwa kwa chochote kipya atakachopanda au kujenga. Tuliitii tarehe hiyo. Mapaa yaliyovuja hayakuezekwa upya, kahawa haikupandwa, na mzee mmoja jirani yangu amefariki akiwa bado anauliza kama ataruhusiwa kulisakafia kaburi la mkewe au atalazimika kulihamisha. Wachache wamelipwa kwa viwango vya mwaka ule wa tathmini, na fedha hiyo leo hainunui hata nusu ya shamba lililochukuliwa. Sisi wengine hatujaona kitu.

Fomu ziliandikwa kwa Kiingereza. Kijijini kwetu tunazungumza Dhopadhola, Ateso na Kiswahili, na wengi tulitia dole gumba pale tulipoonyeshwa kidole. Wapo ambao hawakuachiwa hata nakala.

Sasa tumegawanyika. Vijana wanataka kuifunga njia ya malori ya kokoto. Wazee wanasema tumngoje Mbunge, ambaye tumeshamngoja tangu mwaka juzi. Nimeombwa niongoze kikao cha Jumamosi, na sina jibu. Ninaomba kujua kutoka kwa waliowahi kudai haki mbele ya serikali au kampuni kubwa: ni nini hasa kilichowafanya wakubwa wale wasikilize, na ni kosa gani mngeliepuka kama mngeanza upya?

Mwalimu Mstaafu, Jinja

Ndugu yangu, pole kwa msiba wa jirani yako. Mwaka 2007 nilikuwa bado nafundisha, na kila nilipokwenda Kampala nilipita katikati ya msitu wa Mabira, kwa hiyo nitakueleza nililoliona mwenyewe. Serikali ilikuwa imekusudia kuipa kampuni ya sukari ya Lugazi hekta zipatazo 7,100 za hifadhi hiyo, karibu robo yake, ili zipandwe miwa. Watu walianza kutumiana ujumbe wa simu wakihimizana wasinunue sukari ya kampuni ile. Uzuri wa njia hiyo ni kwamba mama mwenye kibanda, ambaye hajawahi kuhudhuria mkutano wa siasa maishani mwake, aliweza kushiriki bila kuomba kibali kwa mtu. Kisha Kabaka, yaani mfalme, wa Buganda na Kanisa Anglikana wakajitokeza kutoa ardhi nyingine kwa ajili ya miwa hiyo, na hoja ya kwamba hakuna pengine pa kulima ikakosa miguu ya kusimamia. Naomba uliangalie sana jambo hili: waliopinga walikuwa na jibu tayari mkononi.

Lakini tarehe 12 Aprili mwaka ule maandamano ya Kampala yaligeuka kuwa maafa. Watu watatu waliuawa, na mmoja wao alikuwa Mhindi aliyepigwa mawe na umati kwa sababu tu wenye kampuni walikuwa na asili kama yake. Sitaki kulipita jambo hili haraka. Huyo mtu hakuwa na sauti yoyote katika uamuzi wa kuugawa msitu, na familia yake haikupata chochote kutokana na ushindi tuliousherehekea baadaye. Mwezi Oktoba serikali ilitangaza kuuacha mpango, lakini kwa miezi kadhaa kabla ya hapo kila aliyetetea msitu alilazimika kwanza kujibu kuhusu damu ile. Tena, mwaka 2011 wazo lilelile lilifufuliwa, na ikabidi watu wainuke upya.

Ndiyo maana mpango wa vijana wenu wa kuyazuia malori unanitia hofu. Dereva wa lori la kokoto ni mtoto wa mtu, analipwa kwa safari, na si yeye aliyepanga viwango vyenu vya fidia. Ikitokea amepigwa hata kofi moja, habari itakuwa kofi, na mashamba yenu yatasahauliwa.

Msaidizi wa Sheria, Hoima

Ninafanya kazi na familia za huku magharibi zilizopitiwa na barabara na miradi ya mafuta, na ninayoyasoma kuhusu Tororo nimeyaona karibu neno kwa neno. Kabla ya kuamua juu ya maandamano, jueni sheria imesema nini, kwa sababu kampeni inayodai kile ambacho sheria tayari imeahidi ni ngumu zaidi kupuuzwa kuliko inayoomba huruma.

Ibara ya 26 ya Katiba ya 1995 inasema mtu hawezi kunyang'anywa mali yake ila kwa malipo ya haraka, ya haki na ya kutosha, na malipo hayo yafanyike kabla ardhi haijachukuliwa. Neno “kabla” lilipiganiwa hadi Mahakama ya Juu. Kesi ilitokana na barabara ya Hoima–Kaiso–Tonya, na mwaka 2015 mahakama hiyo iliamua kwamba kifungu cha sheria ya utwaaji wa ardhi kilichoruhusu serikali kuingia shambani bila kulipa kwanza kilikuwa kinyume cha Katiba. Kwa hiyo swali la kwanza kwa kikao chenu ni hili: je, katika zile kaya ambazo hazijalipwa, yupo ambaye tingatinga limeshaingia shambani kwake? Kama yupo, huyo ndiye awe mstari wa mbele wa madai yenu, kwa kuwa kwake kosa halihitaji kuelezwa.

Lipo pia suala la posho ya usumbufu. Sheria ya Ardhi ya 1998 inataka juu ya fidia iongezwe asilimia 15, na ikiwa mwenye ardhi amepewa notisi ya kuhama isiyofika miezi sita, nyongeza hiyo iwe asilimia 30. Nimekutana na wakulima wengi waliolipwa bila kujua kama nyongeza hiyo imo au haimo ndani ya kiasi walichopewa, kwa sababu hawakuwahi kusomewa fomu. Viwango vya mazao na majengo ya muda huwekwa na bodi ya ardhi ya wilaya, na orodha hiyo si siri. Iombeni kwa barua chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2005, ambayo inampa ofisa husika siku 21 za kujibu. Ombeni vilevile nakala ya kila fomu ya tathmini. Barua ipelekwe kwa mkono, na nakala mtakayobaki nayo igongwe muhuri wa kupokelewa, kwa kuwa barua isiyo na muhuri ni sawa na barua ambayo haikuandikwa.

Jambo la mwisho ni muda. Mashirika ya kiraia yaliyopinga bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima hadi Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, yalifungua kesi katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki mnamo Novemba 2020. Mwaka 2023 kesi ilitupwa. Majaji hawakusema kwamba hoja za mazingira au za wananchi zilikuwa dhaifu. Walisema tu kwamba kesi ilichelewa, maana mkataba wa Jumuiya unampa mlalamikaji miezi miwili. Wazee wanaosema mngoje wanapaswa kuisikia habari hii. Kungoja kunaweza kuigharimu haki yenyewe, na mahakama zetu za ndani nazo zina mipaka yake ya muda.

Mama wa Luuka

Mimi ni mkulima wa miwa Busoga, na nimesoma maneno ya kaka wa Hoima kwa shukrani. Nataka kuongeza jambo ambalo halimo katika sheria.

Miaka ya nyuma kiwanda tulichokuwa tukikiuzia kilishusha bei hadi ikawa haifiki gharama ya kukata na kusafirisha. Tulikubaliana kwa hasira kwamba hakuna atakayepeleka miwa. Uamuzi ulikuwa mtamu siku ya kwanza. Lakini muwa uliokwisha kukatwa hupungua uzito kila siku inayopita, na ulioachwa shambani unakula palizi na karo ya watoto. Kiwanda kilikuwa na mashamba yake chenyewe, na kingeweza kungoja. Sisi hatukuweza. Wiki ya pili trekta zilianza kupita usiku, jirani akimficha jirani, na baada ya hapo hatukuaminiana tena kwa misimu miwili. Tulikuwa tumechagua silaha iliyotuumiza sisi kuliko yule tuliyemkusudia.

Kwa hiyo, kaka wa Tororo, kabla ya kuamua chochote ulizeni nani ataweza kustahimili muda mrefu zaidi. Je, wapo kati yenu ambao wakiitwa mmojammoja na kuahidiwa malipo ya wiki ijayo watakubali kwa sababu mtoto yuko hospitalini? Msiwalaumu. Kubalianeni mapema, tena kwa maandishi, kwamba anayelipwa achukue haki yake bila kuonekana msaliti, lakini abaki katika madai ya nyongeza na asitie sahihi karatasi ambayo hakusomewa. Wenzetu wa Bugisu walipoanzisha chama chao kikuu cha ushirika cha kahawa mwaka 1954 walikuwa wakulima wadogo kama ninyi, na nguvu yao ilikuwa kwamba kahawa ya wengi iliuzwa kwa mkono mmoja.

Wanawake pia wawemo tangu kikao cha kwanza. Nimeona fomu nyingi zenye jina la mume peke yake, na fedha ikaishia mjini wakati mke na watoto wamebaki bila shamba. Sheria inataka mwenzi akubali kabla ardhi ya familia haijatolewa. Huku kwetu kipengele hicho kiliwaokoa wanawake wawili ninaowafahamu, lakini ni kwa sababu walikijua kabla akaunti haijafunguliwa benki.

Kijana wa Ntinda

Kwa heshima zote kwa waliotangulia, naona hatari moja katika ushauri wa makaratasi peke yake. Barua yenye muhuri hulala droo ileile na barua isiyo na muhuri ikiwa hakuna anayeitazama kutoka nje. Aprili 2023 mchoraji wa katuni na mhadhiri Jimmy Spire Ssentongo aliwaalika watu wa Kampala watume mtandaoni picha za mashimo ya barabara za mitaa yao. Mashimo yale yalikuwa yamelalamikiwa kwa barua kwa miaka mingi. Picha zilipofurika, Rais aliagiza zitolewe shilingi bilioni 6 za kuyaziba. Haikuhitaji jukwaa wala kipaza sauti. Kila mtu alipiga picha mbele ya mlango wake.

Ninyi mna jambo lenye nguvu zaidi ya shimo. Paa ambalo halikuezekwa kwa miaka mitatu kwa sababu ya utii, likipigwa picha pamoja na mwenye nyumba na kibao chake chenye namba, linaeleweka kwa mtu wa Kampala bila maelezo. Kwa ridhaa ya wenyewe, bila shaka.

Hata hivyo nisiwadanganye kwamba kelele hutosha. Kodi ya mitandao ya kijamii ya shilingi 200 kwa siku ilianza Julai 2018, tukaipinga barabarani na mtandaoni, na mwaka 2021 ikaondolewa. Mahali pake ikawekwa kodi ya asilimia 12 juu ya data. Mkishinda, someni kilichoandikwa katika ukurasa unaofuata.

Kuhusu maandamano yenyewe: Ibara ya 29 ya Katiba inalinda haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha, na Machi 2020 Mahakama ya Katiba ilifuta kifungu cha 8 cha sheria ya mikutano ya hadhara ya 2013, kile kilichowapa polisi uwezo mpana wa kuzuia mikusanyiko. Hata hivyo watu bado wanakamatwa. Mkiamua kutembea, pelekeni taarifa ya maandishi polisi, tembeeni mchana, wazee wakiwa mbele, na kila mmoja awe na namba ya wakili aliyekubali mapema kuja kituoni.

Msaidizi wa Sheria, Hoima

Ninakubaliana na mdogo wangu wa Ntinda, isipokuwa katika mpangilio. Picha zikitangulia barua, ofisa atakuwa na nafasi ya kusema kwamba hajawahi kupokea malalamiko rasmi. Barua itangulie, siku 21 zipite bila jibu, kisha picha zitolewe pamoja na nakala yenye muhuri. Hapo ukimya wake mwenyewe ndio utakaomshtaki.

Mkulima wa Tororo

Nimewasomea wazee na vijana majibu yenu yote jana jioni, tukiwa tumekaa nyumbani kwa Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, na kwa mara ya kwanza katika mwaka huu tulimaliza kikao bila mtu kuondoka kwa hasira. Kijana aliyekuwa wa kwanza kutaka kuyafunga malori ndiye aliyeombwa kupita nyumba kwa nyumba kuorodhesha nani ana nakala ya fomu na nani hana. Hadi asubuhi hii amepata nakala 17 kati ya kaya 42. Tumegundua pia kaya nne ambazo mashamba yao yameshachimbwa bila malipo yoyote, na miongoni mwao ni wajane wawili. Hao ndio watakaotajwa kwanza katika barua.

Jumamosi barua itasomwa kwa Dhopadhola, Ateso na Kiswahili kabla mtu yeyote hajatia dole, na Jumatatu watu sita, wanawake watatu na wanaume watatu, wataipeleka wilayani. Hatujaamua juu ya kuandamana. Tumekubaliana kulizungumza tena siku ya 22.

Mama wa Luuka, wanawake wa hapa wameuliza kama ile ahadi ya maandishi mliyotamani mngekuwa nayo ingeweza kuandikwa kwa maneno mepesi. Ukiweza kutuandikia mfano kabla ya Jumamosi, tutaushukuru sana.