Naomba ushauri: bustani nne za Nairobi kwa siku moja, nianzie wapi?

MwanaVoi: Habari zenu wakubwa. Jumamosi nina mgeni kutoka nyumbani, nataka nimtembeze penye miti. Nimepanga Karura asubuhi, City Park saa sita, Arboretum alasiri, Uhuru Park jioni. Nianzie wapi nisikwame kwenye jam? Silali, kazi ni kupiga hesabu.

TembeaPole: Karura peke yake ni zaidi ya hekta 1,000, kaka. Kuna maporomoko, kuna mapango waliyojificha Mau Mau. Mimi baiskeli iliniangusha mle, dada mmoja akaniokota na kunifunga goti kwa leso yake. Leo ni mama watoto wangu.

JiraniWaParklands: City Park usibebe ndizi. Wale kima walininyang'anya mkate mkononi. Ila mpitishe kwenye kaburi la Joseph Murumbi, makamu wa rais wa zamani, aliyetaka azikwe karibu na rafiki yake Pio Gama Pinto, yule mwanasiasa aliyeuawa 1965. Napapenda pale kuliko Nairobi yote.

MzeeWaReli: Arboretum ilianza 1907 kwa sababu ya reli. Injini zilikula kuni, wakawa wanajaribu miti ya kigeni waone ipi inakua upesi. Vijana hupiga picha tu bila kujua.

MamaTausi: Wote mmejibu bustani. Mgeni ni nani? Mtoto? Mzee? Anatembea?

MwanaVoi: Ni mama yangu. Ana miaka 68, miguu mizima, shambani anapanda mlima akaniacha nyuma. Ratiba nishamwambia na teksi ya kutwa nishalipa, kwa hiyo nahitaji mpangilio tu.

MamaTausi: Kama miguu ni mizima, za nini zote siku moja? Bustani hazihami, mwanangu.

MwanaVoi: Sikutaka kuliandika. Ni macho. Presha ya macho, ilijulikana ikiwa imechelewa. Anaona mbele tu, pembeni giza, kama anayechungulia kwenye bomba. Miaka ya nyuma alikuwa kwenye kikundi cha akina mama wa miche. Aliniomba, angali anaona, akaone alikopigania Wangari Maathai, yule mtetezi wa misitu: Uhuru Park alikozuia lile jengo la ghorofa 60 mwaka 1989, na Karura alikopigwa 1999. Siwezi kukata hata moja.

Mnyenyekevu: Hela ya teksi ipo, ya hospitali haipo? Heshima kwa mzazi huanzia kwenye matibabu.

MwanaVoi: Matone anatia kila siku, mimi ndiye ninayenunua. Daktari alisema yaliyopotea hayarudi, tulinde yaliyobaki.

KituoChaMwisho: Mnisamehe nikikosea. Mama, macho, Wangari, mlima. Imekaa vizuri mno. Ngojeni, ukurasa wa pili tutapewa namba ya paybill.

TembeaPole: Eh, hata mimi nilishachangia shosho hewa humu. Weka picha ya kadi ya kliniki.

MamaTausi: Kadi ya mama wa mtu kwenye mtandao? Wewe ya mamako ungeweka?

MwanaVoi: Sijaomba shilingi na sitaomba. Agosti nilikuwa nyumbani. Alinimiminia chai akiwa ametumbukiza kidole cha shahada kikombeni, ajue ikijaa. Ncha ya kile kidole ilikuwa imebabuka. Nikanywa, sikusema kitu. Anayetaka kuamini aamini.

KituoChaMwisho: Pole, ndugu. Nimeyarudisha.

MzeeWaReli: Baba yangu alipoteza macho kwa njia hiyo hiyo, kwa hiyo nisikilize. Mwanga hafifu ni adui, mapango ya Karura achana nayo. City Park kima atamtokea ubavuni, hatamwona mpaka amguse. Jioni usimpeleke popote. Mpe asubuhi yenye jua. Arboretum ataweza kushika magome ya miti na kukuambia huu ni upi. Mtangulie nusu hatua, akushike juu ya kiwiko, na kila mzizi umtajie kabla hajaufikia.

JiraniWaParklands: Na chupa za maji za plastiki mziache nyumbani, msituni zimepigwa marufuku tangu Juni 2020.

MwanaVoi: Nimempigia sasa hivi. Kasema kima hana haja nao, ila Karura lazima akanyage, hata hatua kumi. Basi Jumamosi Karura saa tatu, jua likishapanda, tukae njia pana, halafu Arboretum akiwa na nguvu. City Park nimeifuta. Uhuru Park namwekea Jumapili asubuhi kabla ya treni, pale ni nyasi wazi. Hiyo msinipinge.

MzeeWaReli: Hapo sawa.

MamaTausi: Nina kiti cha kukunja, chepesi. Niandikie faraghani, nitakuachieni kwa askari wa geti la Arboretum. Mama anatumia chai ya rangi au ya maziwa?

MwanaVoi: Ya rangi, tangawizi nyingi. Asante sana, mama.