Dar mpaka Houston: eti Doha–Houston ni saa nane tu?

Mwana Ngamiani
Habari za jioni wakuu. Mama anakwenda Houston mwezi wa nane kumlea dada, anatarajia kujifungua. Tiketi inasema: Dar 17:30, Doha 23:20. Kesho yake Doha 08:00, Houston 16:20. Kwa hesabu yangu kipande cha pili ni saa nane na dakika ishirini, lakini kwenye ramani ni kama kilomita 12,900! Cha kwanza ni 3,800 tu na kinachukua karibu saa sita. Wakala kachemka au? Magoti yanamsumbua bi mkubwa, nataka nimwambie ukweli.

Baharia wa Raskazone
Wakala yuko sawa. Kila saa kwenye tiketi ni ya mji husika. Doha na sisi saa zinalingana, ndiyo maana kipande cha kwanza kimekukubalia. Houston mwezi wa nane wako nyuma yetu kwa saa nane, kwa hiyo mama atakaa angani saa kumi na sita na dakika ishirini. Kurudi ni nafuu kidogo, upepo wa juu huko unavuma kuelekea mashariki.

Bi Chumbageni
Mwanangu, Baharia kakupa hesabu ya ndege, mimi nakupa ya mama. Dar mpaka Houston ni karibu saa 31 ukijumlisha kungoja Doha, na hapo hujamtoa stendi ya Kange huko Tanga. Basi kupitia Segera na Chalinze ni saa sita likienda vizuri, linamshusha Mbezi, halafu foleni mpaka uwanjani. Asiondoke Tanga siku hiyohiyo! Alale Dar.

Kiti cha magurudumu kiombe kwa wakala sasa hivi, hakilipiwi. Mama mkwe wangu alikikataa Dar, "mimi si kiwete." Tulipofika Doha akautazama ule ukumbi usio na mwisho, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kile kiti bado kipo?"

Dawa ziwe mkobani, si kwenye begi kubwa. Ndani ya ndege asimame kila baada ya muda, atembee mpaka chooni hata kama hana haja. Kanga za mzazi abebe atakavyo, ila machungwa ya Muheza yabaki nyumbani, matunda mabichi wanayachukua pale pale forodhani.

Mwana Ngamiani
Shukrani sana Bi Chumbageni, na Baharia. Tatizo mama, hizi 17:30 hazisomi kabisa.

Bi Chumbageni
Mwandikie karatasi kwa saa zetu. Dar saa kumi na moja na nusu jioni, Doha saa mbili asubuhi, Houston saa kumi na dakika ishirini jioni. Namba ya simu ya dadako iweke juu kabisa, kwa tarakimu kubwa, na wino uwe mweusi.